Shimo la Lukresia

Kabla hujasikia kwa wengine, acha nikwambie mwenyewe: ni mimi niliyelifukia shimo la Lukresia, kwa jembe la kuazima, mchana kweupe, na nilipomaliza nikakung'uta mikono nikajiona mtu mwema. Mume wangu Bartolomeo husema hasira zangu hufika mahali kabla yangu. Siku ile zilitangulia, zikafanya kazi yote, na mimi nilipofika nikazipongeza.

Ilikuwa mwaka themanini na moja, nami nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Kusema kweli nyumba zangu zilikuwa kumi na moja, kwa sababu watu hawajengi kwa kuangalia hesabu ya chama. Zilikaa juu ya Ganako, kati ya uzio wa shamba la kahawa na msitu wa Ngorongoro. Upande wa chini waliishi wachumaji wa kahawa waliotoka Singida na Dodoma. Upande wa juu tulikuwa sisi Wairaqw na vishamba vyetu vya mahindi na maharage. Nyani wa msituni walikuja kutuibia wote bila kuuliza kabila, na kwa kuwafukuza pamoja tukazoeana.

Mwaka ule redio ilitangaza kuwa ni mwaka wa walemavu dunia nzima. Mabalozi tukaitwa Karatu, tukakaa kwenye mabenchi tangu asubuhi mpaka saa nane, na katibu mmoja mwenye sauti nzuri akatueleza kwamba walemavu ni wenzetu, tusiwafiche, tuwasaidie bila kudai malipo, na kila balozi aandike majina ya walio kwake. Nikapewa daftari jipya. Nilitoka pale kifua mbele, na jina la kwanza nililoliandika, hata kabla sijafika nyumbani, lilikuwa la Lukresia, mtoto wa Rozalia.

Rozalia alikuwa Mnyaturu wa Singida, mwembamba, mwenye maneno machache. Mumewe, Boazi, alikuwa Mgogo mpole aliyefanya kazi ya kupogoa kahawa. Lukresia ndiye mtoto wao pekee, na alikuwa na miaka sita. Miguu yake ilikuwa imekaza na kupishana, shingo yake haikuweza kubeba kichwa sawasawa, na hakuwa amewahi kusema neno. Lakini alicheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, kikubwa kuliko mwili wake, na wachumaji wakikisikia waliacha matawi wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Nilimpenda mtoto yule. Nasema mapema ili usije ukadhani nilifanya niliyoyafanya kwa chuki.

Mama yake alimbeba mgongoni kila siku kwenda kwenye kahawa, mtoto wa miaka sita, miguu ikining'inia mpaka kwenye magoti ya mama. Msimu ule mgongo wa Rozalia ukaanza kumkatalia. Siku moja bombani alishusha ndoo, akajishika kiuno, akaniambia, "Mama Piusi, kuchoka siogopi. Naogopa siku nitakayoshindwa kuamka. Huyu hajui kula kwa mkono wa mtu mwingine. Siku nikilala kitandani mimi, naye amekwisha."

Nikamwambia aache kusema mambo mabaya, Mungu yupo. Nilidhani namfariji. Kumbe nilimziba mdomo tu, maana hakunitajia tena jambo hilo.

Basi kesho yake baada ya mkutano wa Karatu nikashika daftari langu nikaenda kwenye kahawa kumwandika Lukresia kwa utaratibu. Nilipita mistari miwili ya miche, nikafika penye kivuli, na hapo nikaona kichwa cha mtoto kimechomoza ardhini.

Nilipiga kelele ambazo nyapara alizisikia kutoka kwenye mizani. Lukresia alikuwa ndani ya shimo, udongo umemfika kifuani, nzi kwenye shavu, mikono miwili nje. Alinitazama, akatabasamu. Sikuliona lile tabasamu, au nililiona nikalipuuza. Rozalia akaja mbio, buni mbichi zikimwagika kutoka kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni.

"Umemzika mtoto!" nikamwambia. "Rozalia, umemzika mtoto mzima mzima!"

"Hapana, mama balozi. Hapo anakaa. Ndivyo anavyokaa. Nili..."

"Anakaa! Kwani ni muhogo?"

"Mama balozi, nisikilize kidogo tu."

Sikumsikiliza. Nilimtoa mtoto, nikamkabidhi mama yake, nikanyakua jembe lililokuwa limeegemezwa pale, nikalifukia lile shimo na magunia yake yote yaliyokuwa ndani. Nikakanyaga juu mpaka pakawa sawa. Wachumaji walisimama wakitazama. Rozalia alisimama na mwanawe mikononi, akiangalia miguu yangu inavyokanyaga.

Jioni ile ile nikaita akina mama uani kwangu. Tulikuwa na zamu yetu ya kufukuza nyani kwenye mahindi, kila nyumba siku yake, na haijawahi kuharibika. Nikachukua utaratibu ule ule, nikauandika upya kwenye daftari: Jumatatu Lukresia ashinde kwa Antonia, Jumanne kwangu, Jumatano kwa Nareyu, na kuendelea hivyo hivyo, ili Rozalia aende kazini na mgongo mtupu.

"Umempanga mtoto wa watu kama nyani," akasema Antonia. Antonia ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kunitania ni kazi aliyozaliwa nayo.

Watu wakacheka. Nareyu, mke wa mlinzi wa shamba, Mmaasai aliyetoka huko Ngorongoro juu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Yeyo, mama yangu, mimi niko tayari. Ndama dhaifu halali mbali na boma. Mlete."

Tulikubaliana wote. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kumuuliza Rozalia kama naye amekubali. Yeye aliuliza jambo moja tu. "Togwa niiweke kwangu mkija kumchukua, au nimpelekee kila mmoja kwake?"

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu pale, sijui desturi hii ililetwa na Wanyaturu au Wagogo au tuliianzisha wenyewe, ukiita watu wakusaidie kazi, iwe kupalilia, kuezeka au kubeba mawe, unaweka mtungi wa togwa mlangoni. Si malipo. Ni heshima ya mwenye nyumba. Unakunywa kata moja, unafuta mdomo, mnakuwa sawa.

"Togwa ya nini?" nikamjibu Rozalia. "Wewe usilete kitu. Hata maji. Uwele wenyewe mwaka huu umeadimika. Sisi tunakusaidia tu, bila chochote."

Nilikuwa narudia maneno ya katibu, na yaliniridhisha sana masikioni. Niliona akina mama wameinamisha macho. Nikadhani wameguswa na wema wangu.

Zamu ikaanza Jumatatu. Nami sitakudanganya, haikuwa rahisi. Ukimpakata Lukresia, mwili unajinyoosha, anateleza kama gogo la mgomba. Ukimwegemeza ukutani na mito, baada ya muda kidogo unamkuta amelala ubavu, uso kwenye vumbi. Kwa hiyo tulimlaza. Tulimlaza mkekani, kwenye ngozi, kitandani, na akiwa amelala hakuona kitu isipokuwa paa. Kula ndiyo ilikuwa shida hasa. Antonia alimlisha kama sisi tunavyonywesha watoto wachanga, kichwa kwenye mkunjo wa mkono, uji unamiminwa. Nusu uliingia, nusu ulitoka puani. Lakini jioni Rozalia alipokuja na kuuliza, kila mmoja wetu alijibu, "Amekula vizuri." Hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye kwake mtoto hakula.

Rozalia alisema asante, akambeba, akaenda. Mlango wake ulikaa wazi kwa muda mrefu kila jioni, na ukipita ulimwona amepiga magoti sakafuni, kijiko mkononi, anamlisha upya.

Wiki ya tatu Lukresia alikuwa amekonda. Na hakuwa akicheka tena. Nilijiambia ni mafua, maana Julai ile ukungu wa msituni ulishuka mpaka milangoni.

Jumanne ya zamu yangu akapaliwa. Nilikuwa nimemlaza mapajani, nina haraka na maharage yangu jikoni, nikammiminia uji mwingi kwa mara moja. Akakohoa, kisha akaacha kukohoa, na kule kuacha ndiko kulikonitisha. Midomo ikabadilika rangi. Nikampindua kifudifudi juu ya goti langu, nikampiga mgongoni, nikamwita Yesu na Maria na mama yangu aliyekufa. Uji ukatoka. Akavuta pumzi na sauti ya kukwaruza. Nilikaa chini nikimkumbatia mpaka maharage yakaungua jikoni.

Jioni Rozalia akaja. "Ameshindaje?"

"Vizuri," nikasema. "Amekula."

Nilimdanganya. Balozi mzima, mama wa watoto watano.

Alhamisi Antonia, aliyekuwa amebadilishana siku na mtu, akaenda kumchukua mtoto akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Rozalia akamwambia kupitia mlangoni kwamba leo hapana. Mchana wa siku hiyo Boazi akaja uani kwangu, kofia mkononi, akabaki amesimama hata nilipompa kigoda.

"Mama balozi, nimekuja kuaga. Keshokutwa Jumamosi lori la shamba linapeleka kahawa Arusha. Tumeomba kupanda. Kutoka huko tutaunga magari mpaka Mpwapwa kwa mama yangu."

"Mpwapwa! Mama yako si mzee, hata kuni hawezi kuokota? Nani atambeba Lukresia huko?"

"Mama yake."

"Kwa mgongo upi?"

Boazi akazungusha kofia vidoleni. Nilimwona anataka kusema jambo na adabu inamzuia. Mwishowe likamtoka. "Mwenzangu anasema mmeshamzika mwanawe. Shimo mmefukia. Togwa mmekataa. Anasema bora aende mahali ambapo mtoto bado yu hai."

Nilichukia! Nilichukia mpaka nikasikia joto masikioni. Wiki tatu nzima tumeacha mashamba yetu, tumefua kanga za mkojo kwa sabuni tuliyoipata kwa foleni, halafu tunaambiwa tumezika mtu! Boazi alipoondoka nikavuka moja kwa moja kwa Antonia kumwaga hasira zangu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliniacha nimalize.

"Mama Piusi," akasema, bila kuinua macho, "unakwenda kuteka maji na kuosha vyombo nyumba gani, na hata kata moja ya togwa hunywi?"

"Nyumba yoyote yenye shida."

"Nyumba gani?"

Antonia akaendelea kutupa mawe ya kwenye maharage, moja moja.

Nyumba ya msiba. Hakuna nyingine. Mtu akifiwa tunakwenda, tunachota, tunapika, tunafagia, na hatuonji kitu cha nyumba ile mpaka siku ya kuanua matanga. Kila mtoto wa Ganako anajua. Mimi nilikuwa nimemwambia mama mwenye mtoto hai asiweke togwa, na mbele ya macho yake nilikuwa nimetangulia kufukia shimo la mwanawe na kukanyaga udongo juu yake. Kisha kila siku tukaja kwake kumchukua mtoto na kuondoka midomo mikavu. Mnyaturu, Mgogo, Mwiraqw, yeyote angeona alichokiona Rozalia.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Ulikuwa umeshika daftari," akasema Antonia.

Sikulala vizuri. Ijumaa kulipokucha nikaenda kwa Rozalia peke yangu. Nilimkuta anafunga sufuria kwenye kanga, na Lukresia amelazwa mkekani, macho juu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno ya kuomba radhi yenye kichwa na miguu. Nilipofika mlangoni yakapotea yote.

"Jumanne mtoto alipaliwa kwangu," nikasema. "Alikaribia kufa. Nikakuambia amekula vizuri."

Rozalia akaacha kufunga. Akakaa juu ya furushi.

"Ulimlaza?"

"Nilimlaza."

"Kichwa kikawa nyuma?"

"Nyuma."

Akasonya, msonyo mrefu wa Kinyaturu usio na haraka. "Nilijua. Alikuja na uji kwenye pua. Kila siku anakuja na uji kwenye pua, nanyi mnaniambia amekula."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama balozi. Pale shambani nilianza kusema. Ukaniuliza kama mwanangu ni muhogo."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maisha yangu. Ningeweza kuondoka. Badala yake nikakaa sakafuni, karibu na mkeka, nikamshika Lukresia mguu, nao ulikuwa baridi.

"Rozalia, sijui kumlisha mtoto huyu. Sijui kumkalisha. Hapa mtaani wote hatujui, unajua wewe tu. Sikuja kukusaidia leo. Nimekuja kuomba unisaidie. Njoo kwangu unichimbie shimo."

"Nikusaidie wewe?"

"Mimi."

"Una jembe lako, au utaazima?"

"Ninalo."

"Na mchi?"

"Mchi wa nini?"

"Wa kushindilia kiti. Ulidhani ni shimo tu la kuvundikia ndizi?" Akainuka kwa kujishika kiuno, akanikabidhi mtoto. "Twende kabla jua halijawa kali. Lakini lori ni kesho, na sijasema siendi."

Kuchimba nilichimba mimi, kwa sababu mgongo wake haukuinama. Yeye alisimama na kuamrisha, na mimi ambaye sijaamrishwa na mtu tangu niolewe nikawa nasema ndiyo, haya, sawa. Alipima mguu wa mtoto kwa mkono wake, kutoka kisigino mpaka goti, akaniambia kiti kiwe kimo kile. Kiti! Ndani ya lile shimo nililolifukia palikuwa na kiti cha udongo, kimeshindiliwa kwa mchi, na mimi sikukiona. Ukuta wa nyuma ulazwe kidogo. Katikati ya magoti paachwe kifundo cha udongo, miguu isipishane. Nyayo zikae chini kabisa, zikanyage. Kote kuzungushiwe magunia yaliyojazwa majani makavu. Nilikosea kifundo mara mbili, na mara mbili alinirudisha.

"Na aelekee njiani," akasema. "Ukimwelekeza ukutani, ukuta utamwambia nini?"

"Ulijifunza wapi haya yote?"

"Kwake. Nimechimba na kufukia mashimo manane mpaka nikapata moja analolipenda. Ulilofukia ndilo lilikuwa la tisa."

Tukamshusha Lukresia taratibu. Mwili wake ulijinyoosha, ukajaribu kuteleza, ukakuta hakuna pa kwenda. Magoti yakakunjika. Nyayo zikakanyaga. Na shingo, ile shingo iliyoning'inia wiki tatu mikononi mwetu, ikainuka polepole, kichwa kikasimama. Akaona kuku wangu. Akaona njia, na mtu anapita na baiskeli. Mikono yake, kwa kuwa sasa mwili umeshikwa, ikawa huru, na akapiga udongo kwa kiganja, pa, pa. Halafu akacheka. Kuku wakaruka. Mimi nikalia, wala sikujificha.

"Usilie, lete uji," akasema Rozalia. "Kidevu chake kiwe chini. Kijiko kipitie mbele, chini, usimwinulie juu kama unamwonyesha mwezi. Kidogo tu. Sasa subiri koo lishuke. Umeona? Sasa kingine. Na usimsemeshe akiwa na uji mdomoni, atataka kucheka."

Bakuli moja lilitumalizia saa nzima. Halikubaki hata tone, wala puani hakikutoka kitu.

Nilikuwa nimetenga mtungi wa togwa mlangoni, kama mwenye nyumba aliyesaidiwa kazi. Nilimchotea Rozalia kata ya kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akatulia, akaionja tena.

"Hii hukupika wewe."

"Ni ya Antonia. Yangu isingewahi kuiva."

"Nimeijua," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza msimu ule. Kumbe kicheko cha Lukresia kilitoka kwa mama yake.

Jumamosi lori la Arusha liliondoka na kahawa tu. Boazi alisimama barabarani na mafurushi mawili mpaka dereva akachoka kumngoja, kwa sababu mkewe alikuwa kwa Antonia tangu alfajiri, anasimamia shimo la pili. La tatu likachimbwa kwa Nareyu, aliyekataa magunia akatandika ngozi ya kondoo, na Rozalia akakubali baada ya kuikagua pande zote. Wachumaji wakachimba lao kwenye kahawa, pale pale nilipokuwa nimekanyaga, na nyapara akajifanya haoni. Zamu ikaendelea kama ilivyoandikwa, ila sasa kila asubuhi Rozalia aliweka mtungi mlangoni pake na kila aliyekuja kumchukua mtoto alikunywa kwanza. Jumapili baada ya sala alipita nyumba kwa nyumba kukagua viti, na alitukaripia kuliko nilivyowahi kumkaripia mtu nikiwa balozi. Mama mmoja akaja kutoka Rhotia na mwanawe mgongoni, amesikia habari. Rozalia akaenda kwake na mchi.

Karatu nilirudisha daftari lao. Penye nafasi ya kuandika msaada unaohitajika niliandika: majembe.

Oktoba, mvua za vuli zikinukia, jambo aliloliogopa Rozalia likatokea. Aliamka asubuhi akashindwa kuinuka. Mgongo ulimkamata kabisa, hata kugeuka kitandani ni mpaka Boazi amgeuze. Nareyu alimkanda kwa mafuta ya kondoo, Antonia akampikia. Kila mmoja wetu aliyeingia mle ndani aliulizwa swali moja, "Amekula?" nasi tukajibu ukweli. Leo bakuli zima. Leo nusu, alikuwa anaangalia mbwa. Hakutuamini. Nisingetuamini hata mimi. Siku nne Lukresia alilala na kuamka kwetu, bila mkono wa mama yake, na siku nne mama yake alilala akitazama mlango.

Siku ya tano alasiri nikamwona anakuja njiani, ameshika fimbo ya Boazi, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nilijua amekuja kuona alichokuwa akikihofia miaka sita. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya shimo, kijiko mkononi, nasubiri koo lishuke.

Alisimama juu yetu. Alimwangalia mwanawe mashavu, akamwangalia shingo, akaangalia bakuli. Kisha akaiweka fimbo chini, akainama kwa uchungu mwingi, akanyoosha mikono miwili.

"Kresi wangu. Njoo twende nyumbani."

Lukresia alimtazama, akatabasamu. Lakini mikono ya mama ilipomgusa kwapani kumtoa, akageuza uso kwangu na kuanza kulia. Alilia kwa sauti, akishika ukingo wa shimo kwa vidole, macho kwangu. Hakutaka kwenda. Moyo ulinipasuka kwa ajili ya mama yake. Nikatupa kijiko nimsaidie kumtoa, nikianza kusema kwamba mtoto hajui, ni mazoea tu, yataisha.

"Mwache," akasema Rozalia.

Akamwachia. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, na machozi yakamtoka bila sauti, huku uso wake wote unacheka.

"Anakulilia wewe," akasema. "Mama Piusi, unamsikia? Mwanangu anamlilia mtu mwingine."

Tulikaa hivyo kidogo, watu watatu, mmoja shimoni. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono nimwinue.

"Nitandikie humo ndani," akaniambia. "Nataka kulala."

Nikamtandikia kitanda changu mwenyewe. Alilala na viatu miguuni, mchana, mlango wazi, na kelele zote za mwanawe na kuku wangu nje. Jua lilipozama alikuwa bado amelala, nami nikamlisha Lukresia chakula cha jioni.